Namna ninavyompa ORS mtoto anayeharisha, kwa kuifuata protini ya SGLT1

Sukari iliyomo kwenye pakiti ya ORS, unga wa sukari na chumvi unaochanganywa na maji ili kumrudishia maji anayeharisha, haikutiwa kwa ajili ya ladha. Seli za ukuta wa utumbo mwembamba zina protini iitwayo SGLT1, iliyopenya kwenye utando wa seli upande unaopokea chakula. Haipitishi glukosi peke yake: kila molekuli moja ya glukosi huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu, na maji hufuata. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayoitoa sodiamu kuelekea kwenye damu, hivyo ndani ya seli inabaki kidogo na nyingine inazidi kuvutwa. Robert Crane aliueleza utaratibu huu mwaka 1960.

Sumu ya kipindupindu huiachia wazi protini nyingine, CFTR, iliyo mlango wa kloridi. Kloridi inamwagika utumboni na maji yanaifuata. SGLT1 haiguswi. Kwa sababu hiyo hata anayeharisha maji matupu anaweza kurudishiwa maji kwa mdomo, ilimradi yawe na vipimo sahihi.

Vipimo ndipo ninapokuwa mkali. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitireti ya sodiamu. Ikichanganywa sawasawa inatoa milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi, na ukolezi wote, yaani jumla ya chembe zilizoyeyuka katika lita, ni milimoli 245, chini kidogo ya ule wa damu. Tofauti hiyo ndiyo inayosukuma maji yaingie mwilini. Sasa mama akimimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita, ukolezi unafika 490: maji yanatoka mwilini kwenda utumboni, kuharisha kunazidi, na sodiamu ya damu inaweza kupanda. Kwanza ninasoma pakiti imeandikwa lita ngapi, maana zipo za ujazo mdogo pia, kisha ninapima kwa chupa za maji za nusu lita, mbili. Chupa ya lita moja na nusu siikubali kwa makadirio ya macho. Maji yachemshwe na kupoa kabla ya kuchanganya, si baada yake. Kilichobaki baada ya saa 24 kinamwagwa.

Soda haifai kuwa mbadala. Ina takriban gramu 100 za sukari kwa lita na sodiamu kidogo mno; SGLT1 inakosa mwenzi wa kubeba, na sukari iliyobaki inavuta maji. Pakiti zikikosekana kabisa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, vinasaidia, ingawa potasiamu haimo.

Kunywesha kunahitaji subira kuliko dawa. Mtoto mwenye dalili za kupungukiwa maji kwa kiasi hupewa mililita 75 kwa kila kilo katika saa 4. Wa kilo 8 anahitaji 600, yaani kijiko cha chai cha mililita 5 kila dakika 2. Akitapika tunasubiri dakika 10, kisha tunaendelea polepole zaidi. Wazazi husema, "Daktari, mbona bado anaharisha?" Najibu, "Bado, mama. Hii inarudisha maji, haizuii choo." Maziwa ya mama yanaendelea, na zinki pia: miligramu 20 kwa siku, 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, huyo si wa kijiko. Ni wa dripu mara moja. Mwenye utapiamlo mkali naye ana mchanganyiko wake maalumu.

Kuna mtoto mmoja ambaye ORS humzidishia kuharisha: aliyerithi kwa baba na mama jeni ya SLC5A1 yenye hitilafu, hivyo SGLT1 yake haifanyi kazi. Ni nadra. Ninamshuku mtoto mchanga anayeharisha maji tangu siku za kwanza za kunyonya, kisha kuharisha kunakatika akisimamishiwa maziwa na kuwekewa dripu, na kunaanza upya maziwa yakirudi. Laktosi ya maziwa huvunjika kuwa glukosi na galaktosi, na zote mbili hutegemea SGLT1. Ninampa rufaa dripu ikiwa mkononi, kwa sababu atahitaji maziwa maalumu yenye fruktosi, ambayo hupita kwenye protini nyingine, GLUT5. Sukari ya mezani haimfai, maana nusu yake ni glukosi. Asali nayo ina glukosi.