Bibi na Daftari la Uji

Wiki iliyopita tulimzika bibi yangu, mzaa baba, katika makaburi ya Kisutu, akiwa na umri wa miaka 91. Siku zote za matanga uwani kwake Kariakoo palijaa watu, na zaidi ya nusu yao sikuwahi kuwaona.

Kwa zaidi ya miaka 30, kila alfajiri bibi alipika uji wa mchele, akaumimina katika chupa mbili za chai, akajifunga kanga yake na kuelekea hospitali ya Muhimbili kwa miguu kupitia Faya, kwa kuwa alijua kwamba mgonjwa aliyeletwa kwa rufaa kutoka Kigoma au Singida aghalabu hulala wodini bila ndugu wa kumletea hata kikombe cha maji ya moto. Alianza mwaka 1983, wakati sukari ilikuwa ya kupanga foleni, alipomuuguza dada yake katika jengo la Sewa Haji na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba yale yaliyobaki. Uji wa siku zile ulitiwa chumvi tu.

Sewa Haji mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, na fedha zake ndizo zilizojenga mojawapo ya hospitali za awali za jiji hili la Dar es Salaam. Sioni ubaya jina lake kubaki ukutani, maana alitoa kwelikweli. Bibi alitoa kodi ya vyumba viwili kati ya sita vya nyumba aliyoachiwa na babu, na aliyemjia na kamera aliishia barazani.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mkali, na shangazi yangu hajasahau muhula aliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada huku mchele wa wagonjwa ukiwa umekwisha kununuliwa. Alimweleza hivyo bibi uso kwa uso, mbele yetu, na bibi akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Nadhani shangazi alikuwa na haki, ingawa ndiye aliyelia kuliko wote pale Kisutu.

Kilichobaki mikononi mwangu ni daftari la mistari, lenye jalada lililolowa uji mara nyingi hata likawa gumu kama ubao. Majina ya wagonjwa hayamo. Bibi aliandika jengo, mahali pa kitanda na namna mtu anavyopenda uji wake: mwepesi, wa ndimu, usio na sukari. Kurasa za mwisho ni za mwandiko wangu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia na miguu imegoma, hivyo chupa zilibebwa na wapangaji naye akabaki kwenye mkeka akiniamuru: "Andika, mume wangu." Mstari wa mwisho niliouandika unasema: "Mwaisela, kitanda cha dirishani, anameza kwa shida, apewe kwa kijiko kidogo."