Alice Walton na picha zinazosafiri

Alice Walton, binti wa Sam Walton aliyeanzisha maduka ya Walmart ya Marekani, angeweza kufungia picha zake za kuchorwa sebuleni. Badala yake, Novemba 2011 alifungua makumbusho ya Crystal Bridges huko Bentonville, Arkansas, na kuutazama mkusanyiko wa kudumu ni bure. Mwaka 2017 akaanzisha Art Bridges, inayosaidia makumbusho ya Marekani kuazimana kazi za sanaa. Hapo ndipo penye kazi, maana picha si gunia la mtama.

Kreti, yaani sanduku lililobeba picha, ikifika haifunguliwi papo hapo. Huachwa chumbani kama saa 24 izoee hewa. Ukiharakisha, kitambaa kilichochorwa picha hukaza au kulegea ghafla na rangi hupasuka. Kwa ukavu wa Dodoma, picha iliyotoka Dar es Salaam mwezi Agosti usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Vumbi (na hapa halikosekani) liondoe kwa brashi laini, kavu.

Michoro ya Kolo, Kondoa, haiazimishwi, iko mwambani. Mgeni anayeimwagia maji ili ing'ae kwenye simu anaiharibu: maji yakikauka huacha chumvi juu ya rangi.