Sakafu ilianza kuzunguka nikiwa nimeshika sweta ya mama

Mimi naogopa mahali pa juu, na sio ile kuogopa ya kusema tu halafu unapiga selfi ukicheka. Yangu magoti yanalegea, viganja vinatoka jasho, na nyayo zinaanza kuwasha kama mguu ulioshikwa na ganzi. Nimekaa Nairobi miaka 15 na hio miaka yote nimepanga maisha yangu kulingana na hii hofu bila mtu kujua. Nikitafuta nyumba mtaa wa Zimmerman swali la kwanza kwa keateka, yule msimamizi wa jengo, ni kama kuna ya chini, hata kama ya chini ni giza na kodi ni ile ile. Majirani wote wanaanika nguo juu ya paa, mimi naanika kwa grili ya dirisha. Futbriji ya Roysambu, lile daraja la kuvukia barabara kwa miguu, navuka nikitembea katikati kabisa macho yakiwa kwa mgongo wa mtu aliye mbele yangu, na kama ni usiku hakuna watu nasimama pale chini mpaka mtu atokee nimfuate.

Najua ilianzia wapi. 2001, nikiwa darasa la 6, shule yetu ilituleta Nairobi kwa tua, yaani ziara ya shule, kutoka Nyeri. Wale mmesoma Kenya mnajua hio tua, basi linatoka saa tisa usiku, chapati imefungwa na gazeti, mnaona makumbusho, mnaona nyoka, alafu mwisho wa siku KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji. Lifti ikatupeleka juu, tukamalizia na ngazi, tukatokea pale kwa paa la helikopta na upepo ukanipiga usoni. Wenzangu wakakimbia kwa reli kuona magari yamekuwa madogo kama viberiti. Mimi nikajikuta nimekaa chini. Sikuamua kukaa, miguu ndio ilikataa, na nikaweka viganja vyote viwili kwa sakafu. Mwalimu mmoja akaniona akaita wengine waje waangalie mtu anaogopa kuanguka na tayari ameketi. Wakacheka. Akaninyanyua na mkono akanivuta mpaka kwa reli, akasema ndio nizoee, akanishikilia hapo.

Nilijikojolea. Nilifunga sweta kiunoni na sikuongea na mtu mpaka Nyeri. Mama akaniuliza tua ilikuwa aje, nikamwambia ilikuwa poa.

Mama pia ni mwalimu, alikuwa anafundisha shule nyingine. Alistaafu juzi baada ya miaka 34 kwa chaki, na tulipomuuliza sisi watoto wake anataka nini hakufikiria hata kidogo, akasema Robben Island, kile kisiwa cha Afrika Kusini ambako Mandela alifungwa. Mama amekuwa na picha ya Mandela ya gazeti tangu Februari 1990 alipotoka gerezani, imehama na sisi nyumba tatu, saa hizi iko nyuma ya mlango wa kabati la vyombo. Na kwa sababu tangu Januari 2023 sisi Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, tukaona inawezekana, tukachanga na kaka zangu, tikiti mbili, mimi nikachaguliwa kumpeleka. Nilifurahi sana. Alafu jioni moja mama akanipigia simu, ameona Table Mountain, ule mlima wa Cape Town, kwa simu yake, akaniambia "mwanangu, na huu mlima tutapanda, sindio?"

Nikasema ndio mama.

Usiku huo sikulala nilikuwa nasoma. Nilisoma kwanza juu ya mlima, yaani kule juu steshoni iko mita 1,067 kutoka usawa wa bahari, gari la kebo, lile linaning'inia kwa waya kupandisha watu, lilianza kazi 1929, na haya magari yaliyoko sasa yaliwekwa 1997, kila moja linabeba watu 65, na safari ni kama dakika 5 hivi. Nikaambia roho yangu dakika 5 ni kidogo, nitasimama katikati nifumbe macho. Alafu nikafika kwa ile sentensi inasema sakafu ya gari inazunguka, inageuka mzunguko mzima mpaka kila mtu aone kila upande. Niliweka simu chini. Katikati yangu ilikuwa imeondoka.

Lakini usiku huo huo ndio nilisoma kitu ambacho natamani ningeambiwa nikiwa mtoto. Mtu akisimama mwili wake hautulii, unayumbayumba kidogo kila wakati, na kinachokuzuia kuanguka ni kazi ya vitu vitatu vikisaidiana, sikio la ndani, miguu inavyohisi ardhi, na macho. Macho yanatumia vitu vilivyo karibu, ukuta, mlango, mti, kujua umeegemea wapi. Ukiwa juu sana hakuna kitu karibu, kila kitu kiko mbali, kwa hivyo macho yanakosa pa kushika na mwili unaanza kuyumba zaidi, na wewe unausikia ukiyumba. Kwa hivyo kile kizunguzungu kipo kweli. Watu wengi wanakisikia kidogo wanaendelea na maisha, sisi wengine hofu inakidaka inakikuza. Mimi kwa miaka zaidi ya 20 nilijiita mwoga, kumbe siku ile pale KICC nilipokaa chini na kushika sakafu mwili wangu ulikuwa unafanya kitu cha maana kabisa, ulikuwa unatafuta kitu cha karibu cha kushika. Na mtu akanitoa hapo kwa nguvu.

Kitu kingine nilisoma ni kwamba hofu ukiikimbia kila mara inakua, ukikaa nayo mahali salama bila kulazimishwa inapanda inafika juu alafu inashuka yenyewe. Sikuamini lakini nilikuwa na wiki 5 kabla ya safari. Nikaamua nianzie pale pale hofu iliponipata, KICC.

Jumamosi ya kwanza sikupanda. Nilikaa tu kule chini kwa uwanja karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi, nikaangalia lile jumba mpaka shingo ikauma. Mita 105, lilifunguliwa 1973, rangi ya udongo uliochomwa, na nikiwa pale chini nikaona ni jumba zuri kweli, miaka yote nimekuwa nikipita City Hall Way nikiangalia upande mwingine. Jumamosi ya pili nilipanda na lifti nikashuka na lifti, sikutoka nje. Ya tatu nilitoka. Nilikaa chini, mgongo kwa ukuta karibu na ngazi, nikawasha saa ya simu, nikajiambia dakika 10. Dakika ya pili moyo ulikuwa unapiga mpaka nausikia kwa meno. Askari mmoja akaja akaniuliza "Madam, uko sawa?" na sijui nilitoa wapi nguvu lakini nilimwambia ukweli, nikamwambia naogopa juu na nimekuja kukaa nayo. Akaniangalia akasema "Basi kaa tu, hakuna mtu anakufukuza." Akaenda zake. Akawa anarudi rudi akinipungia mkono.

Dakika ya 7 ama ya 8 hivi kitu kikashuka. Sio kuisha, kushuka tu, kama sufuria ukipunguza moto. Nikainua macho nikaona mwewe anazunguka hewani akiwa usawa na mimi, mabawa hayapigi, na kule nyuma yake milima ya Ngong iko wazi kabisa. Nililia kidogo. Jumamosi ya nne nilifika kwa reli nikaweka mkono mmoja, nikahesabu mpaka 20 nikarudi kwa ukuta wangu. Hio ndio ilikuwa safari yote ya maandalizi, hakuna kitu kingine nilifanya, hakuna dawa.

Cape Town siku ya kwanza mlima ulikuwa umefungwa. Upepo wa kusini mashariki ulikuwa unavuma na wingu limelala pale juu bapa kabisa, wenyeji wanaliita kitambaa cha meza, na upepo ukiwa mbaya magari ya kebo hayatembei. Niliposikia nilifurahi, alafu nikaona mama amevaa raba zake mpya tangu saa kumi na moja asubuhi ameketi kwa kitanda anangoja, nikaumia.

Robben Island tulienda siku iliyofuata na sitaiandika hapa kwa sababu nataka kuiandika peke yake. Nitasema tu kwamba anayekutembeza kule gerezani ni mtu aliyefungwa pale, na kwamba Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya ile 27, na kwamba mama alisimama mbele ya kile chumba, akapima upana wake kwa macho, na hakuongea mpaka turudi kwa boti.

Siku ya tatu kukapambazuka hakuna hata wingu moja. Kwa foleni nilimwambia mama nusu ya ukweli, nikamwambia mimi juu huwa nasikia vibaya kidogo kwa hivyo nitakushika. Hakuuliza, akanipa upindo wa sweta yake. Tukaingia kati ya watu kama 60, na mhudumu akasema maneno ambayo mimi nilikuwa nayajua tayari, msishike reli za pembeni, sakafu itazunguka na reli hazizunguki. Wenye hawakujua walitoa mikono haraka haraka. Mimi sikuwa nimeshika. Nilikuwa najua pia kwamba chini ya miguu yetu kuna tangi la maji la lita 4,000, linafanya gari liwe zito upepo usilipeperushe, na nilikuwa nalifikiria lile tangi kama mtu anafikiria mzazi wake, maji mengi, mazito, yametulia.

Kule kuondoka ndiko kubaya. Gari linaachana na steshoni na tumbo lako linabaki. Sakafu ikaanza kugeuka polepole, nikaona mji unapita kwa dirisha, magoti yakaanza, nikafanya vile nimejifunza, nikatafuta kitu cha karibu. Sweta ya mama ni ile ya kufuma na mkono, rangi ya maruni, amefuma yeye mwenyewe. Nikaangalia mishono. Nikahesabu mishono ya safu moja, nikahesabu ya pili, na kila nikimaliza safu nainua macho mara moja naona kitu kimoja, bahari, narudi kwa sweta, nainua macho, mwamba uko karibu sana hata unaona maua yameota kwa nyufa, narudi kwa sweta. Kule karibu na juu gari linapanda karibu wima na watu wakapiga kelele ya furaha na mimi nikapoteza hesabu, lakini nilikuwa nimesimama.

Juu ni bapa. Hicho ndicho kitu picha hazisemi vizuri, ukishafika ni kama uko kwa uwanja wa mawe na vichaka, unatembea kama kawaida, cha kutisha ni ile kingo tu. Kuna pimbi wanene wanaota jua hawaogopi mtu. Nilipata jiwe kama mita tatu kutoka kwa ukuta nikakaa, mama akaenda kwa ukuta, na akaanza kunipigia kelele kama yuko darasani, "naona bandari! Naona kisiwa chetu cha jana, kumbe ni kidogo hivyo! Naona mlima mwingine umekaa kama kichwa cha simba!" Kila kitu alichoona alikisema. Baada ya muda nikainuka nikaenda nikasimama kando yake, nikaweka viganja vyote viwili kwa jiwe la ukuta, lilikuwa na joto la jua. Kisiwa kilikuwa pale kweli, chepesi, kama jani limeanguka kwa maji.

Na nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia yote, tua ya 2001, paa, mwalimu, reli, sweta kiunoni. Nikamaliza nikabaki naangalia kisiwa kwa sababu sikutaka kuona uso wake.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Alafu akasema, "Mimi nimepeleka watoto pale KICC miaka mingi sana. Kila mwaka. Na sijawahi hata siku moja kuuliza ni nani anaogopa." Akasema tena, "Hata mara moja." Akafuta macho na ukingo wa leso. Hakuniuliza mwalimu alikuwa nani na mimi sikumtaja.

Tulikaa pale mpaka baridi ikaanza, tukala ndizi na mkate tuliobeba. Wakati wa kushuka mimi nilitafuta sweta yake na yeye akanipa mkono badala yake, mkono wote, akaushika ndani ya wake kama anavuka na mimi barabara. Gari likaachana na mlima. Sakafu ikaanza kugeuka na sikuangalia mishono, nikaona bahari, nikaona mji, nikaona mwamba, nikaona bahari tena.