Jinsi Nilivyopata Mahali pa Kusukia Ukili Nyumbani

Ukindu, yaani majani ya mkindu yanayosukiwa mikeka, una masharti mawili yanayopingana: chane zake (vipande vyembamba vilivyochanwa) zikikauka mno hukatika mkononi, na zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu na kuharibu rangi iliyochemshwa kwa uangalifu. Katika chumba changu mjini Tanga, ambako hewa ya bahari hubeba unyevu karibu mwaka mzima, tatizo hilo lilinisumbua kuliko ufinyu wa nafasi.

Nililitatua kwa kutenganisha mahali pa kuhifadhia na mahali pa kusukia. Vicha vya chane kavu, kila rangi peke yake, sasa vinaning'inia kwenye ufito uliofungwa chini ya dari, mbali na ukuta ili hewa ipite pande zote, na mbali na dirisha kwa sababu jua hufifisha rangi. Asubuhi nachukua chane za kazi ya siku hiyo tu, nazinyunyizia maji na kuzifunga katika kitambaa chenye unyevu hadi zilegee. Zinazobaki jioni nazianika kivulini mpaka zikauke kabisa, ndipo nazirudisha juu.

Kwa kusuka, jamvi dogo kando ya mlango latosha, kwa kuwa ukili ni utepe mwembamba wa chane zilizosukwa, unaokunjwa mviringo kadiri unavyorefuka. Kuushona ukili uwe mkeka ndiko kunakohitaji sakafu pana, nami kazi hiyo naifanyia barazani. Chane zangu hazikatiki tena, upana wa ukili umekuwa sawa, na masika yaliyopita hakuna kicha kilichoota ukungu.