Jarida la chama chetu cha wanajeshi wastaafu na lile jina lake

Kazi ya jarida la chama niliangushiwa mimi kwa sababu moja tu, eti zamani nilikuwa karani wa kombania kwa hiyo najua kutaipu. Haya. Kutaipu wala si shida, shida ni kuwapata wazee waandike, maana hawa jamaa ukikaa nao wanapiga stori mpaka jua linazama lakini ukimpa karatasi anakuletea ripoti, "tulifika saa 12, tukaondoka", basi. Nikaacha kuomba makala. Nikawa namwambia mtu nitumie voisi tu kwenye simu, ongea kama unavyoongeaga, naandika neno kwa neno na natoa matusi (yale ya utani nabakiza, wenyewe wanajuana).

Jina ndo lilileta vita. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mkubwa wetu na bado anajiona mkubwa, alitaka Ngao ya Ushujaa, wengine wakasema Mkuki, mimi nikawaambia hayo majina ya kampeni hayo. Nikawapa mfano wa wale askari wa Uingereza mwaka 1916 kule Ypres, Ubelgiji, walikuta mashine ya kuchapia kwenye magofu wakatoa gazeti lao la utani hukohuko vitani wakaliita The Wipers Times, kwa sababu Ypres ilikuwa inawashinda kutamka, wakawa wanasema Wipers. Jina walikuwa nalo mdomoni tayari. Sasa sisi mdomoni tuna nini? Sajenti mmoja mstaafu, mtu asiyeongea kabisa, akasema "Nipo Afande". Watu walicheka sana, maana ndo tulivyokuwa tunaitikia kila asubuhi tukiitwa majina, na ukimpigia mwenzako leo hicho ndo kitu cha kwanza unachotaka kusikia. Hata kura haikupigwa.

Na jina lenyewe likanipangia kazi. Ukurasa wa kwanza ni majina tu, nani yupo, nani kalazwa, nani kahama, nani katangulia. Kurasa zote nne, yaani karatasi moja ya A3 unakunja katikati, herufi saizi 14 manake macho ya watu yamechoka. Habari za pensheni naweka zile tu nilizoona barua yake, tetesi nazikataa hata zikitoka kwa mwenyekiti, na ndo maana siku hizi hatuivi sana. Bado ananiuliza Ngao ya Ushujaa inaanza lini.