Kilo 48 za Urani na Ahadi ya Dola Milioni 5

Ninapoulizwa mashirika yasiyo ya kiserikali yanaweza kufanya nini mbele ya silaha za maangamizi, kitu cha kwanza kinachonijia akilini ni taasisi ya utafiti ya Vinča, iliyo karibu na Belgrade, mji mkuu wa Serbia, nchi ambayo wakati ninaousimulia ilikuwa bado sehemu ya Yugoslavia. Swali lenyewe ni la haki, kwa kuwa bomu la nyuklia ni mali ya dola na hulindwa kwa jeshi na kwa siri za dola, ilhali shirika la hiari halina jeshi wala kura katika Baraza la Usalama. Yaliyotokea Vinča mwezi Agosti mwaka 2002 ndiyo jibu ninaloliamini zaidi.

Taasisi hiyo ilikuwa imehifadhi takriban kilo 48 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, iliyotoka Umoja wa Kisovyeti, kiasi kinachotosha kutengeneza bomu zaidi ya moja. Nchi ilikuwa imetoka katika vita na vikwazo, ulinzi wa ghala haukulingana na hatari ya kilichokuwa ndani yake, na wataalamu walikubaliana kwamba urani hiyo haikupaswa kubaki pale. Marekani ilikuwa tayari kusaidia gharama za kuihamisha, na Urusi ilikuwa tayari kuipokea. Kikwazo kilikuwa kwingine: palepale Vinča palikuwa na bwawa lililojaa mafuta ya nyuklia, yaani urani ya kuendeshea kinu, yaliyokwisha kutumika na yenye mionzi mikali, na Wayugoslavia hawakuwa radhi kuachia urani yao bila uhakika kwamba uchafu huo nao ungeshughulikiwa. Sheria za Marekani za wakati huo ziliruhusu fedha za kuzuia kuenea kwa silaha, lakini hazikuruhusu fedha za kusafisha mazingira, kwa hiyo maofisa waliotaka kusaidia walifungwa mikono na fungu la bajeti.

Hapo ndipo lilipoingia Nuclear Threat Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 na Ted Turner, tajiri wa vyombo vya habari wa Marekani, pamoja na Sam Nunn, aliyepata kuwa seneta wa nchi hiyo, kwa kuahidi dola milioni 5 kwa ajili ya usafishaji. Fundo likafunguka. Urani ilisindikizwa na askari wengi wenye silaha hadi uwanja wa ndege, kisha ikarushwa hadi Dimitrovgrad nchini Urusi, ambako ingeweza kuzimuliwa isifae tena kwa bomu. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara hunigusa kuona kwamba hakuna upande uliokuwa na nia mbaya. Palikuwa na ufa tu kati ya sheria ya nchi moja na mahitaji ya nchi nyingine, na fedha zisizofungwa na bunge lolote ndizo zilizouziba.

Shirika hilohilo lilifanya jambo la namna hiyo kwa upana zaidi mwaka 2006, lilipoahidi dola milioni 50, kwa msaada wa tajiri wa Marekani Warren Buffett, ili Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lianzishe akiba ya mafuta ya nyuklia. Sharti lilikuwa kwamba serikali nazo zichange, na zikachanga. Nchi yenye vinu vya umeme ikikatiwa mafuta kwa sababu za kisiasa itaweza kuomba kutoka katika akiba hiyo, na hivyo haitakuwa na sababu ya kujijengea mitambo ya kurutubisha urani, mitambo ambayo pia inaweza kuzalisha malighafi ya bomu. Akiba iko Oskemen, mashariki mwa Kazakhstan, na urani yake iliwasili mwaka 2019. Nafurahi kwamba iko katika nchi iliyorudisha silaha zote za nyuklia ilizorithi kutoka kwa Wasovyeti, na ambayo watu wake waliumizwa na majaribio ya mabomu huko Semipalatinsk.

Zipo kazi za aina nyingine, kama ile ya muungano wa ICAN, ulioupigania mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, mkataba uliopitishwa na nchi 122 mwaka 2017 na kuanza kutumika Januari 2021. Hakuna nchi yenye silaha hizo iliyojiunga. Kwa muda mrefu niliona kwamba hilo linaupunguzia mkataba thamani, lakini nilibadili mawazo nilipofuatilia maisha ya manusura wa Hiroshima na Nagasaki, ambao chama chao, Nihon Hidankyo, kilianzishwa mwaka 1956 na kikapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2024.

Ninakohofia zaidi sasa ni upande wa vijidudu. Mkataba wa silaha za kibayolojia wa mwaka 1972 hauna wakaguzi, tofauti na ule wa silaha za kemikali, wenye shirika zima huko The Hague. Wakati huohuo kampuni huuza vipande vya DNA, yaani chembe za urithi, vilivyotengenezwa kwa oda na vinavyoweza kutumiwa kuunda vijidudu hatari, na si nchi zote zinazozilazimisha kuchunguza mteja ni nani na anaagiza nini. Shirika liitwalo IBBIS, lililozinduliwa Geneva mwaka 2024, hutoa bure programu ya kufanyia uchunguzi huo. Huu ni ufa kama ule wa Vinča, ila huku hakuna ghala moja la kulinda.

Kazi hizi zote hutegemea wafadhili wenye subira, nao wanapungua. Mwaka 2021 Wakfu wa MacArthur wa Marekani, uliokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa wa masuala ya nyuklia, uliamua kujiondoa katika uwanja huo. Mafuta yaliyotumika ya Vinča, yale yaliyoahidiwa kushughulikiwa mwaka 2002, yaliondolewa mwishoni mwa mwaka 2010, na kwa miaka hiyo minane yote ilibidi awepo mtu wa kuendelea kuyalipia na kuyafuatilia.