Asilimia 9 Goba: siku yangu moja juu ya bodaboda

Saa 11 alfajiri. Kabla hata sijanawa uso naangalia simu: asilimia 100. Umeme haukukatika usiku, kwa hiyo nimeamka tajiri. Napiga kiki, Boxer inaitika, nashuka kijiweni Kimara.

Watu wanadhani bodaboda ni mafuta na ujasiri. Siku hizi ni simu. Oda inaingia kwenye simu, ramani iko kwenye simu, mteja analipa kwa simu, na bosi anataka hesabu yake ya elfu 10 iingie kwenye simu kabla ya saa 3 usiku. Juani huoni kitu mpaka mwanga wa kioo uupandishe hadi mwisho, ramani nayo inanyonya. Ndiyo maana nimefunga chaja kwenye pikipiki: waya unatoka kwenye betri chini ya kiti, unapita chini ya tangi hadi kwenye usukani, na hapo kuna kidude kinachoshusha volti 12 kuwa 5. Fundi wa kwanza alikiunga moja kwa moja kwenye betri, kikawa kinakula usiku kucha, asubuhi starta inalia tik tik tik. Wa pili akakipitisha kwenye swichi, ukizima pikipiki nacho kinalala. Katikati ya waya kuna fyuzi ndogo ya kioo. Ikumbukeni hiyo fyuzi.

Saa 12 hadi saa 4: abiria wanne, Ubungo na kurudi, mmoja Posta. Hakuna la kusimulia.

Saa 5, Kariakoo, Mtaa wa Congo. Nakabidhiwa furushi la vitenge la kwenda Goba, mteja atalipa mzigo na nauli akishapokea. Simu ina asilimia 41. Nachomeka, kimya. Natikisa waya, kimya. Nafunua kifuniko cha mpira cha chaja: ndani kutu ya kijani, zawadi ya mvua ya jana jioni. Nafungua kiti, natoa fyuzi, naiinua juani. Kale kauzi ka ndani kamekatika na kioo kimeingia weusi. Fyuzi mpya haifiki hata bei ya soda, lakini fundi wa jirani hana, na mzigo unasubiriwa. Pawabenki? Shemeji aliondoka nayo kwenda Ifakara, "nairudisha wiki hii". Wiki gani, hakusema.

Saa 7 niko Mbezi, jua la utosini, simu ya moto kama chapati. Asilimia 19. Nakunja njia ya Goba.

Dada mwenye vitenge anapiga. "Umefika wapi?" Namwambia nakaribia. Anapiga tena. "Nimekutumia lokesheni." Naifuata hadi kwenye geti jeusi. Nalipigia honi, anatoka mzee mwenye taulo, hajui vitenge wala huyo dada. Asilimia 9. Nampigia. "Siyo hapo, rudi mpaka duka la dawa, pandisha kilima." Maduka ya dawa yako mawili na vilima sitaki hata kuvihesabu. Anapiga tena kuniuliza kwa nini nachelewa. "Dada yangu, simu inaisha chaji, naomba mtume mtoto asimame barabarani." "Mimi sina mtoto wa kusimama juani." Asilimia 3. Akaanza kunielekeza upya kuanzia Mbezi, kwa utulivu kabisa, kama tuna siku nzima, na alipofika kwenye "ukiona mwembe", kioo kikawa cheusi.

Namba yake siijui kichwani. Ya Kariakoo siijui. Nina furushi la watu na kilima.

Dukani kwa Mangi umeme wa LUKU umeisha. Mama wa mihogo ana mkaa tu. Nikaiendesha pikipiki kwenye vumbi, nilishaacha kuangalia saa, hadi kwa kinyozi mmoja mwenye kebo ya matundu manne, yote yamejaa. "Subiri nimalize hiki kichwa." Kichwa chenyewe kilikuwa kikubwa. Nikakaa kwenye benchi nimelikumbatia furushi kama mtoto mchanga, huku nikiwaza wanavyonisema huko.

Walinisema kweli. Simu ilipowaka, meseji ziliingia mfululizo, ya mwisho: "Mwizi mkubwa wewe." Miaka sita barabarani sijapoteza mzigo hata mmoja, hata kitufe. Kabla ya kujibu lolote niliomba kalamu ya kinyozi, nikaandika namba ya yule dada kwenye kiganja.

Alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa kinyozi. Akahesabu vitenge kimoja kimoja mbele yangu. "Mbona unazima simu?" Nikamwonyesha ile fyuzi. Akaitazama. "Sasa hiki ndiyo nini?" Kisha akalipa kwa simu, na ikabidi nirudi kwa kinyozi tena, maana yangu ilizima kabla meseji ya muamala haijaingia.

Jioni ikawa foleni, vumbi, abiria wawili waliobishia nauli. Fyuzi niliipata Ubungo, nikanunua tano. Hesabu ya bosi iliingia saa 3 kasoro kidogo.

Nyumbani nikachomeka simu, ikiwa imezima kabisa, nikakaa kula. Mke wangu akanishika mkono, akageuza kiganja.

"Baba Salma, hii namba ya nani?"

"Ya mteja. Wa Goba."

"Mteja anaandikwa mkononi?"

Nikaitazama simu. Ushahidi wote umo humo, na ilikuwa bado haijawaka.